Bryan Adams mwaka 1969 alikuwa na miaka 9 tu
Kuna wanaodhani wimbo wa Summer of '69 (kiangazi cha '69) wa mwanamuziki Bryan Adams ni maisha yake mwenyewe. Hapana, jamaa kazaliwa Novemba 1959 kwahiyo kiangazi kile alikuwa na miaka 9, sasa bendi na demu wa kumsubiri barazani anavyoviimba humo angevitoa wapi hahaha. Wimbo uko kwenye albamu ya Reckless ya 1984, kauandika na Jim Vallance ambaye ndo wa 1952, yeye 1969 alikuwa na 17, yani ule umri wa kupiga gitaa mpaka vidole vinatoka damu kama wimbo unavyosema unamkaa yeye zaidi. Ila Adams ameshasema ile 69 wala sio mwaka, ni utani wa chumbani, Vallance yeye anashikilia ni mwaka.