Tajiri akikuomba lilaki Malindi

Wadogo zangu mnaoingia kazi ya bustani hapa Malindi, iko siku tajiri atafungua simu akuonyeshe picha: kichaka kimejaa mashada ya zambarau iliyofifia, na nyuma yake nyumba ya nyanya yake kule Italia. Anataka hicho hicho, mbele ya baraza yake ya mtaa wa Casuarina. Hiyo ni lilaki. Usije ukasema "hakuna shida bosi" ukachukua pesa ya miche.

Asili ya lilaki ni milima ya Balkani. Iliingia bustani za Ulaya Magharibi karne ya 16, kupitia Istanbul, na kote huko ilikutana na baridi ya kweli. Vitumba vya maua hutungwa wakati wa joto, kisha vinalala, na haviamki vizuri mpaka vipitiwe na majuma mengi ya baridi ya chini ya nyuzi 7 hivi. Sisi usiku wa Julai tunavuta shuka na kulalamika, kumbe ni nyuzi 22. Hata Nairobi haitoshi. Udongo wala si kikwazo, maana lilaki hupenda chokaa na sisi tumekaa juu ya matumbawe. Kinachokosekana ni baridi, na baridi haiuzwi dukani. Na kama anapanga kuleta mche ndani ya sanduku la nguo, mwambie mapema kwamba mmea wa kutoka nje unahitaji kibali cha KEPHIS, shirika la serikali linalokagua afya ya mimea, kabla haujasafirishwa.

Sasa muulize: katika picha ile, anachokitamani ni rangi au harufu?

Akisema rangi, mpe petrea. Inatambaa, mashada yake ya zambarau yananing'inia, na ukiwa mbali kidogo utaapa ni lilaki. Majani yanakwaruza kama msasa, kwa hiyo isikae pale watu wanapopita na nguo nyepesi. Harufu yake haina maana. Ipo pia melia, ndugu wa mwarobaini, yenye vishada vya rangi hiyo na harufu tamu, lakini matunda yake ni sumu na yanadondoka ovyo. Nyumba yenye watoto mimi siipandi.

Akisema harufu, hapo tuko kwetu. Asumini na lilaki ni ukoo mmoja, pamoja na mzaituni. Mwambie hivyo tajiri wa Kiitaliano uone anavyochangamka. Ila mahali pa kuipanda ndipo kazi ilipo. Asumini hufunguka jioni, ndiyo maana watunga vikuba, vile vishada vya maua ya kujipamba, huichuma alasiri ikiwa bado imefumba. Basi iwe karibu na pale watu wanapokaa jioni au chini ya dirisha la kulala, si langoni kunusisha magari. Wazungu nao huweka lilaki chini ya dirisha kwa sababu hiyo hiyo.

Halafu kuna upepo. Kusi na kaskazi zote zinatupigia kutoka baharini, kwa hiyo ua la harufu linatakiwa liwe upande wa bahari wa baraza, na upande huo huo ndio chumvi inaunguza majani. Kinga kwanza, kwa ukuta wa mawe au safu ya mivinje, ndipo asumini nyuma yake. Watu wa Lamu walilimaliza jambo hili zamani: asumini na kilua ndani ya kiwanda cha nyumba, ule ua wa ndani, kuta ndefu pande zote, harufu haina pa kutorokea. Kabla hujachimba shimo, kaa kwenye kiti cha tajiri saa kumi na mbili jioni usikie upepo unaingilia wapi.

Lilaki huchanua majuma mawili matatu tu, na ikizeeka chini inabaki miti mitupu, ndiyo maana wenyewe huificha miguu kwa mimea mifupi. Petrea nayo ifanyie hivyo, mrehani unatosha.

Kupogoa: lilaki na petrea hukatwa mara tu maua yakiisha, ukichelewa unakata maua yajayo. Bogenvilia huchanua kwenye matawi mapya na hupenda ukavu. Ipogoe vuli ikianza, na mvua zikikatika usiikimbilie na mpira wa maji. Wenye nyumba wengi hufika Desemba, kwa hiyo uliza tarehe ya ndege yao, kisha hesabu miezi kurudi nyuma ujue lini upogoe.