Kuanza mazungumzo mazito na mchumba Mwitaliano

Ndugu yangu, umeuliza umwambieje mchumba wako Mwitaliano kwamba mnahitaji kuzungumzia ndoa bila kumtia hofu. Epuka kusema "Dobbiamo parlare", yaani ni lazima tuzungumze, kwa kuwa maneno hayo, hasa yakitumwa peke yake kwa ujumbe wa simu, husikika kama utangulizi wa kuachana. Afadhali useme "Vorrei parlarti di una cosa", yaani ningependa kuzungumza nawe jambo fulani, ambapo "vorrei", yaani ningependa, badala ya "voglio", yaani nataka, ndilo neno linalobeba adabu yote. Ukitanguliza "Ci tengo a te", ataelewa kwamba unamthamini. Ila usiyaanzishe mazungumzo hayo mkiwa mezani na mama yake.