Achari ya bibi: mafuta hayatoshi

SWALI

Shikamoo mama. Mimi na mume wangu tunalima nyanya, pilipili na vitunguu saumu. Kila msimu wa mavuno bei inaporomoka na mazao yanatuozea shambani. Bibi aliniachia achari ya kwetu: nyanya zilizopikwa zikakauka maji, pilipili, vitunguu saumu, haradali, siki kidogo, kisha mafuta ya kufunika juu. Wageni wakiionja wanaomba wabebe. Nimeshapata wa kuniuzia chupa na wa kunichapia lebo. Nianze na mtaji kiasi gani? Na mafuta ya juu yanatosha kuitunza miezi sita bila dawa?

Mkulima wa nyanya

JIBU

Marahaba, mwanangu. Nitaanza na swali lako la mwisho, maana ndilo lililonishtua. Hapana, mafuta hayatoshi. Tena hayo mafuta ndiyo yanayonitia wasiwasi zaidi.

Mafuta huziba hewa, na pasipo na hewa ukungu hauoti. Hapo bibi alijua alichokuwa akifanya. Lakini kuna bakteria aitwaye Clostridium botulinum ambaye hustawi palepale pasipo na hewa. Anaishi kwenye udongo, kwa hiyo vitunguu saumu vinaweza kuingia naye jikoni hata kama umeviosha vizuri. Mbegu zake hustahimili maji yanayochemka. Kuziua kunataka joto la nyuzi 121 za Selsiasi ndani ya chombo cha mvuke wenye shinikizo, na siyo sufuria ya kawaida. Sumu anayotoa hupooza misuli, hata ile ya kupumulia, na chupa yenye sumu hiyo inaweza isinuke wala isibadilike rangi. Bibi alipika achari ya kuliwa nyumbani, ikaisha mapema. Mteja wako ataiweka kabatini miezi kadhaa.

Kinachomzuia bakteria huyu ni uchachu. Uchachu hupimwa kwa pH: namba ikishuka, uchachu umezidi. Mpaka unaotumika kwa vyakula vya chupa ni 4.6, pH ikiwa juu ya hapo, achari yako si salama kukaa kabatini. Mimi singekubali kuuza chochote kilichozidi 4.2, kwa sababu sufuria mbili za mapishi yaleyale hazifanani kamwe. Nyanya zenyewe ziko karibu kabisa na mpaka, na zilizoiva kupita kiasi huweza kuuvuka. Vitunguu saumu na pilipili viko juu zaidi, kwa hiyo kila unapoongeza viungo hivyo unavuta achari kuelekea hatari. Ile "siki kidogo" ya bibi inabidi ipate kipimo, na iwe siki yenye asidi isiyopungua asilimia 5. Angalia kwenye chupa yake.

Kwa hiyo kabla ya lebo nunua vitu viwili: mizani inayosoma gramu na kipimo cha pH cha kielektroniki. Karatasi za kubadilika rangi hazitofautishi vizuri pale karibu na mpaka. Kipimo hicho kisawazishwe kwa vimiminika vyake vya pH 4 na pH 7 kila siku ya kazi. Usipime achari ikiwa bado jikoni, kwani vipande vya mboga huchukua muda kunywa siki. Ngoja hadi kesho yake, mwaga mafuta ya juu, saga iliyobaki kwenye blenda, ndipo upime. Namba hiyo iandike pamoja na tarehe, uzito wa kila kiungo na namba ya sufuria, na namba hiyo hiyo ya sufuria iandikwe kwenye kila chupa. Weka chupa mbili za kila pishi hadi muda wake wa kuuzwa uishe. Mteja akilalamika, utajua pa kuanzia.

Pikia kwenye sufuria ya chuma kisichoshika kutu, kwani asidi hula alumini na shaba. Jaza achari ikiwa ya moto, nyuzi 85 au zaidi, kwenye chupa safi zenye moto, funga kwa vifuniko vipya, kisha zipindue kwa dakika chache ili joto lifike kwenye kifuniko. Ikipoa, katikati ya kifuniko pawe pamebonyea ndani. Kisichobonyea kisiuzwe.

Sasa mazao ya shambani, na hapa naomba unisikilize vizuri. Nyanya iliyochubuka kidogo ikate na uitumie. Yenye ukungu usiikate ukaokoa nusu: ukungu hupunguza uchachu, na nyanya za hivyo zikiwa nyingi sufuria nzima hupanda pH. Najua inauma kutupa ulichokilima. Ndiyo maana siipendi sana hesabu ya "tunaokoa kinachooza". Achari nzuri inataka nyanya nzima, zilizochumwa siku ambayo bei imeanguka, kabla hazijaanza kuoza.

Kuhusu mtaji, sitakutajia kiasi, ila nitakuambia usikosee nini. Nyanya zako zihesabu kwa bei ambayo soko lingekulipa siku ile, hata kama umezitoa shambani kwako. Nyanya ni maji kwa zaidi ya asilimia 90, hivyo zikikauka ndoo nzima inakupa chupa chache kuliko unavyofikiri. Ongeza kuni au gesi, chupa zilizopasuka, zilizoonjwa bure, na saa zako na za mume wako. Wengi hujiona wanapata faida kumbe wanauza jasho lao bure. Anzeni na aina moja hiyo, chupa mnazoweza kuziuza ndani ya mwezi. Kabla ya kununua chochote kikubwa, nenda kwa mamlaka ya chakula ya mahali ulipo ukaulize wanataka jiko liweje. Ni rahisi kupanga jiko sasa kuliko kulibomoa baadaye.

Mwambie mchapaji asubiri. Kwenye lebo viungo hupangwa kuanzia kizito hadi chepesi, na ukishaongeza siki mpangilio unaweza kubadilika. Haradali itajwe waziwazi, kuna watu inawadhuru. Na kama unataka kuweka jina la sehemu mnakotoka, uliza kwanza kama limelindwa kisheria, kama pilipili manga ya Penja ya Cameroon, ambayo tangu 2013 si kila mkulima anaruhusiwa kuiuza kwa jina hilo.

Ladha itabadilika siki ikiongezeka. Jaribu kuirudisha kwa sukari kidogo, siyo kwa kupunguza siki. Kisha waite walewale wageni waonje tena.