L na R kwa wanafunzi wa Buganda: leta maneno yenyewe

Mwalimu wa Masaka, umetuuliza kwa nini wanafunzi wako wanachanganya l na r, na dawa yake ni ipi. Nimefundisha Kiswahili Kampala miaka mingi, na swali hilohilo niliwahi kuwapelekea wenzangu wa isimu kwa mstari mmoja kama wako. Majibu yalimiminika: wakariri vitanza ndimi, wasahihishwe papo hapo, wasome kwa sauti. Nilivijaribu vyote muhula mzima, madaftari yakabaki vilevile.

Mara ya pili nilikaa na madaftari ya darasa moja, nikanakili kila neno lililokosewa kama lilivyoandikwa: kalibu, habali, safali, balua, lafiki, na upande wa pili mbiri, mwiri, kerere. Nikaongeza kwamba karibu wote nyumbani wanasema Kiganda. Mwenzangu mmoja, Mganda na mtu wa fonolojia, yaani mpangilio wa sauti za lugha, akanijibu kwa neno moja: omuliro. Yaani moto. Baada ya u ni l, baada ya i ni r! Katika Kiganda sauti hizo mbili ni fonimu moja, yaani huhesabiwa sauti moja isiyotofautisha maana: r hufuata i na e, kwingine ni l, na tahajia sanifu ya mwaka 1947 huandika hivyohivyo.

Nikarudi kwenye orodha yangu. Hakuna neno hata moja lililotoka nje ya kanuni hiyo. Watoto hawakuwa wakichanganya kitu, walikuwa wakitii sheria ya lugha yao. Ndiyo maana hawakosei chakula, mwalimu wala heri, maneno ambayo mimi nilidhani wameshayaelewa.

Siku hizi naandika omuliro ubaoni siku ya kwanza, nawaacha waitafute kanuni wenyewe. Baada ya hapo tunapambana na sehemu mbili tu: r inapoanza neno au kufuata a, o, u, na l inapofuata i au e. Kula na kura naziwahi mapema, maana hapo maana yenyewe inabadilika.

Lakini hukutuambia wanafunzi wako ni wa lugha gani, na hapo ndipo msaada unapokwama. Ukiwa na watoto wa Kinyankole, tarajia r kila mahali, hata "chakura". Mtoto wa Kiacholi hana tatizo hili kabisa, kwao r ya rwot (chifu) na l ya lum (nyasi) ni sauti mbili mbalimbali. Yeye atakuandikia "kitabu yangu", kwa sababu lugha yake haina ngeli.

Tangu Julai 2022, baraza la mawaziri la Uganda lilipopendekeza Kiswahili kiwe somo la lazima shuleni, walimu wanaouliza hivi wanazidi. Kwa hiyo chochote utakachokipata, tafadhali kirudishe hapa mwingine akikute.

Kwa sasa nakili maneno ishirini au thelathini kutoka kwenye madaftari. Majina ya watoto yaondoe, pembeni weka lugha ya nyumbani tu. Nitayapitia Jumamosi.