Difyuza ya kujitengenezea: usianze na tishu

Difyuza yangu ya kwanza (kifaa cha kulainisha mwanga wa flashi) ilikuwa tishu niliyoibandika kwa selotepu juu ya kioo cha flashi. Nilimpiga picha mtu aliyesimama karibu na ukuta, kisha nikaikuza kwenye skrini. Picha ilikuwa imefifia, lakini kile kivuli cheusi nyuma ya sikio kilikuwa palepale, ukingo wake mkali kama umekatwa kwa wembe. Tishu ilikula mwanga tu.

Kinacholainisha kivuli ni ukubwa wa eneo linalong'aa, ukilitazama kutoka pale alipo unayempiga picha. Weupe wa karatasi peke yake hausaidii. Jua ni kubwa ajabu, lakini kwa vile liko mbali, vivuli vyake ni vikali. Wingu likitanda, mbingu nzima inageuka taa na vivuli vinayeyuka. Tishu iliyolalia kioo ina ukubwa uleule wa kioo, kwa hiyo hapakuwa na cha kubadilika.

Basi tafuta boksi ambalo mdomo wake ni kama sentimita 30 kwa 30. Toboa tundu nyuma la kupitisha kichwa cha flashi, bandika foili kwenye kuta za ndani, kisha ziba mdomo kwa kitambaa cheupe chepesi au karatasi ya kuokea. Acha nafasi ya kutosha kati ya flashi na kitambaa, walau sentimita 15, ili mwanga utawanyike kabla ya kutoka. Ukimaliza, lipige picha boksi lenyewe likiwaka, kwa mipangilio ya kamera inayotoa picha yenye giza. Ukiona doa jeupe katikati na pembe zimezama gizani, ongeza kina au weka kitambaa cha pili.

Weupe uwe weupe kweli. Plastiki iliyoanza kugeuka manjano itawapa watu wako homa ya manjano.

Halafu lisogeze karibu! Hapa ndipo wengi huharibu. Boksi hilo likiwa nusu mita kutoka usoni, mwanga ni laini. Likiwa mita tatu, limerudi kuwa kitone. Tegemea kupoteza stopu moja hadi mbili za mwanga (kila stopu moja ni kupungua kwa nusu). TTL (flashi ikijipangia nguvu kwa kupima mwanga kupitia lenzi) itafidia yenyewe, ila ukitumia manyuali, yaani ukipanga nguvu ya flashi kwa mkono, panda mwenyewe, kwa mfano kutoka 1/8 ya nguvu kamili hadi 1/4. Betri nazo zitakwisha mapema.

Usigusanishe plastiki na kichwa cha flashi ukipiga mfululizo kwa nguvu kamili, kwani joto lake huyeyusha. Wala usifungue flashi yenyewe: kapasita ya ndani (sehemu inayohifadhi chaji ya umeme) hubeba volti 300 hivi, na hubaki na chaji hata betri zikitolewa.

Chumba kikiwa na dari nyeupe iliyo chini kiasi, geuza flashi juu upige. Dari ni difyuza kubwa kuliko boksi lolote, na siku kama hizo langu hubaki juu ya kabati.