Sukari ya Mgonjwa wa Kiharusi: Mambo ya Kusimamia Katika Siku za Mwanzo

Anayemuuguza mtu aliyepatwa na kiharusi huuliza kwanza kama mgonjwa atapona. Swali la pili, ambalo hukaa naye muda mrefu zaidi, ni kama mgonjwa huyo ataweza tena kula, kuoga, kuvaa na kwenda chooni bila kushikwa mkono. Nimemuuguza shangazi yangu hapa Tabora mjini, na jambo ambalo ningependa kila familia ilijue mapema ni kwamba sukari iliyomo katika damu ya mgonjwa siku za mwanzo ina uhusiano wa karibu na jibu la swali hilo la pili.

Shangazi hakuwa na kisukari, au ndivyo tulivyojua sisi. Muuguzi alipomchoma kidole na mashine ya kupima sukari ikasoma 14 (kwa milimoli kwa lita, kipimo cha namba za sukari zinazofuata pia), baadhi ya ndugu walidhani ni mbovu, lakini ilikuwa inasema kweli. Mshipa wa ubongo unapoziba au kupasuka, mwili humwaga homoni za dharura, zikiwamo adrenalini na kortisoli, ambazo hulifanya ini litoe sukari kwa wingi na kuipunguzia insulini nguvu, kwa hiyo hata sukari ya asiye na kisukari inaweza kupanda. Wapo pia walioishi na kisukari kwa miaka bila kupimwa, na kiharusi ndicho kinachowafichua.

Mshipa unapoziba, pembeni mwa sehemu ya ubongo iliyokwisha kufa hubaki eneo ambalo seli zake zimedhoofika lakini bado zinaweza kuokolewa. Seli hizo zikipata sukari nyingi huku oksijeni ni haba, huivunja sukari hiyo kwa njia inayozalisha asidi ya laktiki, nayo huziumiza zaidi. Kwa wanaopewa dawa ya kuyeyusha damu iliyoganda, sukari ya juu huongeza hatari ya damu kuvuja ndani ya ubongo. Ndiyo maana wagonjwa wanaofika hospitalini sukari ikiwa juu, wakiangaliwa miezi mitatu baadaye, kwa jumla huwa tegemezi kuliko wenzao. Ni haki kuongeza kwamba kiharusi kikubwa chenyewe huleta mshtuko mkubwa, hivyo namba ile kwa sehemu ni dalili ya ukubwa wa tatizo na si chanzo peke yake.

Kwa sababu hiyo, msimshinikize daktari aishushe sukari kwa haraka hadi chini kabisa. Utafiti wa SHINE wa Marekani, uliochapishwa mwaka 2019 na kuhusisha wagonjwa zaidi ya 1,100, ulilinganisha udhibiti mkali wa insulini, uliolenga sukari kati ya 4.4 na 7.2, na udhibiti wa kawaida. Uwezo wa wagonjwa kujihudumia baada ya siku 90 haukutofautiana, ila waliodhibitiwa kwa ukali ndio waliopatwa zaidi na hatari ya sukari kushuka kupita kiasi. Miongozo mingi ya tiba hulenga kati ya 7.8 na 10. Mgonjwa akianza kutoka jasho jembamba, kutetemeka au kuchanganyikiwa ghafla, mwiteni muuguzi apime papo hapo.

Kazi ya familia iko hasa kwenye kile kinachoingia wodini. Tabora ni nchi ya asali, na wagonjwa wetu huletewa asali kwa mapenzi ya dhati. Mama mmoja jirani alikuja na chupa ya asali kutoka Sikonge, akaifungua na kumimina kwenye kijiko, akisema, “Mwanangu, mgonjwa bila asali atapata wapi nguvu?” Nilimwamkia, nikamshukuru, kisha nikamweleza kwamba asali nayo hupandisha sukari, na kwamba shangazi alikuwa bado hajapimwa kama anaweza kumeza. Hilo la pili ni zito zaidi, kwa kuwa kiharusi huweza kuilegeza koo, na kijiko kimoja tu cha uji, soda au maji ya glukosi kinaweza kuingia mapafuni na kuleta nimonia. Asipewe chochote kwa mdomo, hata vidonge, mpaka wahudumu wajiridhishe kwamba anameza salama.

Utafiti mwingine, wa Australia wa mwaka 2011, ndio unaonipa moyo. Wauguzi walifuata utaratibu wa kusimamia homa, sukari na umezaji katika siku 3 za mwanzo, na wagonjwa wao waliofariki au kubaki tegemezi baada ya siku 90 walikuwa wachache kuliko wale ambao wauguzi wao hawakufuata utaratibu huo. Muulizeni muuguzi kwa adabu: sukari imepimwa saa ngapi, imesoma ngapi, itapimwa tena lini? Andikeni majibu kwenye daftari, maana wauguzaji hupokezana na habari hupotea.

Nyumbani, maendeleo yapimwe kwa kazi za kila siku. Wataalamu hutumia kipimo cha Barthel, chenye alama 0 hadi 100, kinachouliza kuhusu kula, kuoga, kuvaa, kupanda ngazi na mengine ya aina hiyo. Kwa shangazi, kazi iliyomtesa ilikuwa kufunga khanga kifuani, kwa sababu mkono wa kushoto haukuweza kushikilia ncha moja wakati wa kulia unapitisha nyingine. Mtaalamu wa mazoezi ya viungo alimfundisha kuibana ncha ile kwa kwapa, na sisi tulilazimika kujizuia tusimfungie.

Sukari ikishuka kabla ya kuruhusiwa, msihesabu kwamba suala limekwisha. Ombeni kipimo cha wastani wa sukari ya miezi mitatu iliyopita (HbA1c), ambacho kikisoma asilimia 6.5 au zaidi huashiria kwamba kisukari kilikuwepo kabla ya kiharusi, na hapo dawa na kliniki vitahitajika sambamba na vile vya presha. Mwenye selimundu au upungufu mkubwa wa damu amwambie daktari mapema, kwa kuwa kwake kipimo hicho kinaweza kutoa jibu la kupotosha, na atahitaji kupimwa kwa njia nyingine.