Homa kali, viungo vinauma, malaria hakuna: jibu kwa dada wa Langoni

Dada, umesema mamako ana homa, magoti na vifundo vimekaza hata ngazi hashuki, na amepimwa malaria mara mbili hana. Sasa wauliza umnunulie dawa ya malaria hivyo hivyo? Usinunue. Mrudishe kituoni, wamwangalie chikungunya na dengi, homa za virusi ziletwazo na mbu.

Waliokuwa Amu, mji wa Lamu, mwaka 2004 chikungunya ilipotuingia hawahitaji kuhadithiwa. Kwetu tulilala karibu nyumba nzima. Shangazi yangu ni msusi wa ukili. Homa ilimwacha baada ya siku chache, lakini vidole vilikataa kukunjika kwa miezi, akawa hata kifungo cha nguo afungiwa na mjukuu. Watafiti waliopima damu baadaye walikadiria kuwa robo tatu ya watu wa mji waliambukizwa. Kutoka kwetu ugonjwa ukaingia Mombasa, na 2005 ukavuka hadi Komoro na kisiwa cha Réunion.

Watu walilaumu mitaro na punda. Punda wa watu hawakuwa na kosa! Kulikuwa na ukame, maji ya shida, kila nyumba ikajaza mapipa na madumu yakakaa. Mbu wa chikungunya, Aedes, ataka hayo hayo: maji yaliyotulia karibu na watu. Tena huuma mchana, hasa asubuhi na alasiri kuelekea magharibi. Neti ya usiku yakukinga na malaria. Huyu akukuta barazani wakuna nazi.

Mayai yake huyagandisha kwenye ukuta wa chombo, juu kidogo ya maji. Chombo kikikauka, yaweza kungoja miezi, maji yakirudi yaanguliwa, na baada ya wiki moja au siku kumi una mbu kamili. Kwa hiyo kumwaga tu hakutoshi. Kila wiki sugua kuta za pipa kwa brashi, halafu funika kwa kitambaa na ukifunge kamba. Vifuu vilivyotupwa uani, visahani vya vyungu vya maua na matairi ni vivyo hivyo.

Birika la chooni, lile tangi la maji lililojengewa humo, ni jambo jingine, huwezi kulimwaga kila wiki. Wazee walitia visamaki vile vidogo vikala viluwiluwi vya mbu. La kwetu lina bakuli la kaure lililojengewa chini, maji yakipungua samaki hujikusanya humo wasife. Siku hizi fundi akija abomoa birika aweka tangi la plastiki juu ya paa, kifuniko kikipeperushwa na kusi hakuna anayepanda kukirudisha. Mimi bado naona visamaki vimeshinda dawa za kupuliza.

Kuhusu mama: parasetamoli kwa kipimo chake, maji kwa wingi, apumzike. Aspirini na diklofenaki, ambazo maduka ya dawa huziuza upesi kwa maumivu ya viungo, asipewe mpaka ijulikane si dengi, maana zaweza kuzidisha kutoka damu. Akitapika mfululizo, tumbo likimuuma sana, fizi zikitoka damu au akilegea baada ya homa kushuka, usingoje kuche, mpeleke hospitali.

Wiki hii ya kwanza alale ndani ya neti hata mchana. Mbu akimuuma yeye, siku chache baadaye aweza kuwaambukiza wajukuu. Majibu ya damu yakitoka, tujulishe hapa.